Mama Yangu Anataka Tuichome Sanamu ya Mwanangu Pacha

Ndugu wasomaji, nimeomba ukurasa huu unifichie jina kwa kuwa jamaa zangu wengi wanausoma. Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kisha familia yetu ikapewa makazi Louisville, Marekani. Baba yangu anafanya kazi kiwandani Jeffersontown, mama anahudumia wazee majumbani. Mimi nilikuja Columbus kwa shahada ya uzamili, na katika vyumba vya kupanga karibu na chuo nikakutana na mume wangu, Myoruba wa Nigeria. Sasa tunaishi Gahanna. Mume wangu alibatizwa akiwa mwanafunzi, lakini mama yake, anayekaa Buffalo kwa binti yake, hakuiacha dini ya asili ya kwao na hajawahi kuificha.

Mwaka jana, 2015, nilijifungua mapacha wa kike kabla ya wakati. Tuliwaita Taiwo na Kehinde, majina ambayo Wayoruba huwapa mapacha. Kehinde alifariki kabla hajatoka hospitalini.

Kanisa letu la Wakongomani halikuniacha peke yangu, na sitaki kuonekana mtovu wa shukrani. Walipika, waliimba, walifagia nyumba. Lakini kwetu mwanamke aliyezaa pacha huitwa Mama Mapasa, nao walikuwa wakiniita hivyo tangu ujauzito. Tuliporudi kutoka makaburini, nikawa Mama Taiwo. Nadhani walinihurumia. Ila kila nilipomtaja Kehinde, mtu aliniuliza kama nimekula.

Miezi michache baadaye mama mkwe alikuja kwa basi. Mlangoni aliniita mama wa pacha kwa lugha yao, nikalia hata kabla hajaingia. Katika mkoba wake mlikuwa na sanamu ndogo ya mti, urefu wake kama chupa ya maji, aliyomwagizia mchongaji wa kwao. Alinieleza kwamba kwa imani yao mapacha wana roho moja. Aliyekufa asipopewa makao atamwita mwenzake. Kwa hiyo huchongewa sanamu, nayo huogeshwa, huvishwa na kulishwa pamoja na pacha aliye hai.

"Sikuombi umwabudu," aliniambia. "Nakuomba usimbague."

Niliiweka kwenye rafu, kati ya vitabu vyangu, nikijiambia kwamba ninauheshimu utamaduni wa mume wangu. Kisha siku moja, nikimwogesha Taiwo, niliichukua nikaiosha kwa maji yaleyale. Sikuwa nimepanga. Baadaye niliishonea gauni, na nilipopika uji nikawa naigusisha kijiko mdomoni. Usingizi wangu ulirudi. Sijui kama hiyo ni imani, au ni mikono tu iliyokuwa imejiandaa kulea wawili.

Mwezi uliopita mama yangu alikuja kutoka Louisville kutusaidia. Alipokuwa akimlisha Taiwo, mtoto alifunga mdomo, akashika kijiko, akakipeleka kwa sanamu kwanza, ndipo akala. Mama aliniita jikoni, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa.

"Bon. Huyu munavalisha nguo ni nani?"

"Ni kumbukumbu ya Kehinde, Mama."

"Kumbukumbu. Donc mutoto wangu alisoma université mupaka akaanza kuogesha kipande ya muti."

"Mama, siabudu kitu."

"Mutoto yetu alikufa, tukamuzika, Yesu akamupokea. Sasa huyu anakulaka uji ni nani?"

Nilimwambia kwamba watoto huiga wanachokiona. Nimesoma hayo, na pengine ni kweli. Lakini nilipoona mkono ule mdogo ukinyooka kwenda kwa dada yake, hata mimi niliogopa.

Mama alitaka kuzungumza na mama mkwe papo hapo. Nilimpigia Buffalo, nikaweka simu mezani kwa sauti, nikawa natafsiri kati ya Kiingereza chake na Kiswahili cha mama.

"Mwambie mama yako," alisema mama mkwe, "nyumbani kwake kuna picha ya marehemu babu yako ukutani, naye huifuta vumbi kila Jumamosi. Mimi nikimpangusa mjukuu wangu, nimekuwa mchawi?"

Nilitafsiri kwa kulainisha. Mama hakulainika.

"Mwambie picha ya baba yangu haikuniomba uji hata siku moja. Na ile maharage ya mawese alitupikia siku tulimukuta hapa kwenu, nikasifu, nikaongeza sahani, ilikuwa ya nani?"

Mama mkwe alicheka kidogo, akakiri kwamba ilikuwa karamu ya pacha, maana pacha hupenda maharage. Mama aliondoka mezani.

Sasa ametoa sharti. Jumamosi ijayo atakuja na wazee wa kanisa la Louisville waombe nyumbani kwetu, na sanamu ichomwe uani. Nikikataa, yeye hatakanyaga tena hapa, kwani anaamini ninamwachia Taiwo achukuliwe. Mama mkwe naye anasema kuichoma ni kumzika Kehinde mara ya pili; kama nimechoka, niipeleke Buffalo kwa mikono yangu. Nilimweleza mama kuhusu Buffalo, akajibu kwamba jini halihamishwi kama kabati. Mume wangu anasema uamuzi ni wangu, lakini asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nimemsikia akiisalimia.

Wanawake hawa wawili wanaogopa jambo lilelile, kwamba Taiwo atamfuata mwenzake. Kila mmoja anaamini dawa ya mwingine ndiyo itakayomuua. Mimi siamini kwamba kuna roho ndani ya mti ule. Hata hivyo, jana nilijaribu kuifunga kabatini kwa kujipima, na kabla uji haujaiva nilikuwa nimekwisha kuitoa.

Ninyi mliozika mtoto, na hasa mliozika pacha mmoja, msinihurumie, nielekezeni. Jumamosi mama yangu akibisha hodi, nimfungulie nikiwa nimeishika sanamu, au nimkabidhi?