Doa la Mpira

Nimekata limau nitoe doa kwenye kitenge cha mama, na harufu yake imenirudisha uani kwetu Mlandege. Mama alikuwa akimfulia mwalimu mmoja Mwingereza, ambaye zamani kwao kazi yake ilikuwa kucheza kriketi. Suruali yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu pajani. Mama alilisugua kwa limau na chumvi mpaka likatoka.

Mwalimu akaitazama, akagusa pale doa lilipokuwa. "Mama, hapa ndipo nilipofutia mpira, mechi yangu ya mwisho."

Mama akashika kichwa. Mwalimu akacheka, akaleta mpira wake wa ngozi nyekundu, akanipa niusugue palepale pajani pa suruali, doa lirudi.

"Jua lote hili nimefua bure!" mama akalalamika, naye akicheka.

Doa la kitenge ni la chai ya mwisho ya mama. Nimekikunja hivyohivyo, limau nikalikamulia kwenye chai yangu.