Pasaka Tuliyokatiza Msituni

Enzi zetu kule Rhotia, gauni jipya lilikuwa la Krismasi au la Pasaka, si la Jumatano tu kama kwa watoto wa siku hizi. Ndiyo maana Pasaka ile, masika yakiwa ndiyo yanaanza, mimi na dada yangu Paskalina tulitoka nyumbani tukinyata kama tumebeba mayai, magauni yakinukia duka, viatu mkononi visichafuke.

Bibi, mama yake baba, alitangulia. Njia ya kanisani ilipita uani kwa Mama Safari, na wawili hao walikuwa hawasemezani tangu harusi ya baba mdogo, Mama Safari alipotangaza mbele ya wakwe kwamba makande ya Bibi hayajaiva. Tulipokaribia uani kwake, Bibi akakata kulia, akaingia msituni.

"Bibi, njia ni huku!"

"Yule simpi mkono leo. Tunakatiza."

Tukakatiza. Utelezi, miiba, upupu mapajani, na kima juu ya miti wakitutazama kama wanakamati. Kila tulipouliza, Bibi alijibu, "Tumekaribia," na kadiri tulivyokaribia ndivyo kengele ya kanisa ilivyozidi kufifia. Paskalina akaanza kulia: misa itatupita, na gauni lake halitaonwa na mtu.

Mara kichaka kikatikisika. Kitu kikubwa kikahema.

"Nyati," Bibi akanong'ona. "Msikimbie mpaka niseme."

Kisha akakimbia bila kusema.

Nyati naye akapiga kelele: "Yesu na Maria, siafu!" Akatoka Mama Safari, sketi kaipandisha hadi kiunoni, anajichapa mapaja. Paskalina, mtoto wa adabu, akainama: "Shikamoo, bibi."

Bibi akarudi taratibu, akijifanya hakuwa amekwenda popote. "Wewe unatafuta nini huku?"

"Nilijua leo utapita kwangu," Mama Safari akasema. "Nikaona heri siafu kuliko kukutakia Pasaka njema."

Bibi akajaribu kununa, kicheko kikamtoka puani. Akapiga magoti kwenye tope, akaanza kumwondolea mwenzake siafu mmoja mmoja, wote wawili wakicheka hadi machozi. Walipoanza kubishana kanisa liko upande gani, ardhi iliteleza ikaamua yenyewe: tulishuka bondeni kwa makalio, mabibi wakiwa wameshikana mikono.

Tulifika watu wakitoka misani. Padri akatutazama sisi wanne, wekundu kwa tope kuanzia utosini. "Kristo amefufuka," akasema, "lakini naona ninyi ndio mliotoka kaburini." Gauni la Paskalina lilionwa na parokia nzima.

Siku hizi wageni wanalipa ili waongozwe kwenye msitu uleule. Na juzi mjukuu wangu kagombana na rafiki yake wa tangu darasa la kwanza. Kamblock kwenye simu, akaendelea kula chipsi zake. Hakutoboa hata soksi kwa kumkwepa mwenzake, maskini.