Sumu ya Kunguru Katika Bustani ya Gare

Nilikuta ndagala, samaki mudogo mukavu, mukononi mwa mutoto wangu Neema, miaka miwili, karibu na mudomo. Niliipiga chini, nikamuosha mukono na ndoo nzima ya maji. Kisha nikaacha ufagio katikati ya njia. Miaka sita sikufanya hivyo hata siku moja. Ninaandika kwa yule atakayeushika nyuma yangu.

Nilikuwa kantonye, ni kusema mufagiaji, wa bustani ndogo karibu na gare, kituo cha treni. Siku ya kwanza Papa Surveyan, mukubwa wetu, aliniambia: “Mama, fuata ndege. Wao njo watakuonyesha kazi.”

Alisema kweli. Chini ya muti wanapolala yangeyange, viti vinaoshwa kila asubuhi. Minana wanachana majani ya mungazi, muti wa mawese, kwa kujenga viota. Pale fagia mara mbili. Njiwa na shomoro wanaokota makombo, hawana shida. Kunguru anapindua pipa, anatawanya uchafu, kisha anakuangalia kama vile wewe njo umechelewa kazini.

Papa Surveyan alipopewa pansio, akapumzika kazi, akaja Shefu wa Service kwa nafasi yake. Kunguru walimuchafulia gari, akaniambia:

“Upake ndagala sumu ya panya, umwage kwa majani.”

“Shefu, kunguru ana akili. Mumoja akikufa, wengine hawagusi tena. Watakufa yangeyange na mwewe. Na watoto wanacheza hapa.”

Akacheka. “Mama Neema, wewe ni kantonye ao dokta wa ndege?”

“Kantonye. Njo maana ninawajua.”

Nilikataa. Akamwaga yeye mwenyewe, bila kunijulisha. Asubuhi ile nilipokuta ndagala kwa Neema, nilihesabu maiti: yangeyange watatu, mwewe mumoja, kunguru mumoja. Kunguru wengine walikuwa juu ya gari yake.

Neema hakuugua. Nilifunga mulango wa bustani na kamba, nikaenda kwa biro ya komini, kwa Bugumestri anayeongoza mutaa, nikaandika barua nakala mbili, wakapiga kashe, ni kusema muhuri:

“Bwana Bugumestri,

Ninashitaki Shefu wa Service. Alimwaga sumu mahali watoto wanacheza, akiwa amekwisha kuambiwa. Mutoto wangu aliokota ndagala moja; sijui wengine waliokota ngapi. Ninaomba bustani ibaki imefungwa mpaka ndagala zote ziokotwe kwa majani. Ninaomba Shefu asimame mulangoni yeye mwenyewe, aeleze kila mama kwa nini pamefungwa. Mimi sitaeleza kwa niaba yake.”