Aliyeagiza Pembe Ipigwe

Harufu ya moshi wa kuni na maji ya chumvi yanayochemka hunirudisha kijijini kwetu Ivuna, hata hapa Tunduma katikati ya malori. Kiangazi mama zetu walikwangua udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji hayo mpaka chumvi ibaki chunguni. Hakuna aliyehangaika na kiberiti. Moto uliombwa kwa jirani, makaa mawili matatu juu ya kigae, na kuacha kumwomba mtu moto kulikuwa kumwambia hadharani kwamba ujirani umekwisha.

Nilipokuwa na miaka tisa, ng'ombe wa wafugaji walikanyaga viwanja vya chumvi kwa mara ya tatu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu mpole asiyeachana na kofia yake ya pama, alimwita baba nyumbani kwake. Baba ndiye aliyekuwa mpiga pembe ya kuwaita wanaume vitani. Asubuhi iliyofuata pembe ililia, wanaume wakatoka na mikuki na mapanga, na kufikia adhuhuri watu wawili walikuwa wamekufa: mfugaji mmoja, na Yona, mtoto wa pekee wa jirani yetu. Wapo waliokuwa wamesema tangu mwanzo kwamba yale yangemalizwa kwa maneno. Wakubwa wa wilaya walipokuja kuuliza, mwenyekiti alijibu kwamba vijana walipandwa na hasira waliposikia pembe. Macho yote yakamgeukia baba.

Baba hakujitetea. Kwa desturi yetu mpiga pembe hamtaji aliyemtuma. Akimtaja, pembe hashiki tena yeye wala mwanawe. Nilimchukia kwa ukimya ule, naungama. Mama Yona aliacha kuitikia salamu zetu, na hakuna kigae kilichokuja jikoni kwetu. Kanisani tulikaa benchi zima peke yetu, baba, mama na mimi.

Baada ya mwezi ukaitishwa mkutano wa kijiji, nasi tulijua kwamba baba anakwenda kufukuzwa. Kiti cha mwenyekiti kiliwekwa nyuma ya meza kama kawaida, lakini hakukikalia. Alivua kofia, akaenda mpaka kwenye mkeka wa wafiwa, akaketi vumbini mbele ya Mama Yona.

"Mama Yona, pembe niliagiza mimi," alisema. "Baba Rehema alinikatalia mara mbili, nikamlazimisha. Halafu nikamwachia mzigo wangu. Mwanao nimemuua mimi."

"Na siku zote hizi ulikuwa unalala?" Mama Yona akamwuliza.

Kesho yake polisi walimchukua mwenyekiti, na nijuavyo mimi Mama Yona hakumsamehe kamwe. Lakini asubuhi hiyohiyo alisimama mlangoni kwetu na kigae mkononi, akaomba moto. Baba alimchagulia makaa yeye mwenyewe.

Mwezi uliopita, kwenye televisheni ya duka langu, kiongozi wa nchi ya mbali alisema kwamba anabeba lawama ya vita alivyovianzisha miaka mingi iliyopita. Aliongea vizuri, bila kuinuka kitini, akakusanya karatasi zake. Wateja walimsifu kwa uungwana. Mmoja aliniuliza mbona nimenyamaza, sikuguswa? Nikamwambia niliguswa, ila nilikuwa nawatafuta wafiwa, na hawakuonyeshwa.