Godoro Katika Chuo cha Kutwa

Mpaka leo nikipita langoni mwa chuo chetu hapa Busia moyo huniruka, na mimi si mtu wa kuficha furaha. Ni chuo cha serikali, kinatoa shahada, na hakina bweni hata moja. Si kwamba walisahau kujenga. Kilianzia katika ghala kuukuu la pamba, baada ya wazazi wa hapa kwenda kuomba watu wao wasome bila kuhama, na tangu siku hiyo kimeshika neno lake: mwanafunzi alale kwake. Ndiyo maana somo la kwanza huanza saa tatu, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa, na la mwisho huisha saa kumi ili anayerudi Butula au Sio Port afike kabla ya giza. Wa upande wa Malaba huchelewa foleni ya malori ikiziba barabara, na mwalimu huwangoja bila kununa. Nisipojivunia chuo cha namna hii, nijivunie nini?

Nilijiunga nikiwa mama wa mapacha wa miaka miwili. Mume wangu huendesha lori la kwenda Kampala, kwa hiyo watoto nilimwachia mama mkwe, na bila yeye nisingemaliza hata mwaka wa kwanza. Tatizo ni kwamba hakuamini kuwa ninasoma. Kwake yeye, mtu anayeenda yunivasiti hufanyiwa maombi, hununuliwa sanduku na godoro, husindikizwa hadi stendi, na haonekani tena mpaka likizo. Mimi nilikuwa nikitoka asubuhi, na jioni nikirudi kuchuma mboga. Jirani mmoja mwenye mdomo alinibandika jina la mtoto wa nasari, kisha akajirekebisha kwamba wa nasari hutoka saa sita, kwa hiyo nimepiga hatua kidogo. Nilimjibu vibaya mbele ya watu. Hasira zangu ziko karibu sana, na mara nyingi zimenikosesha watetezi.

Mwanzoni mwa mwaka wa tatu mama mkwe aliniita jikoni. Alisema muhula ukiisha hatabaki na watoto tena.

"Sijui unaendanga wapi kila siku, mama mapacha," alisema. "Kama ni biashara ya boda, ya kuvusha vitu Uganda, sema tu. Ni yunivasiti gani hii ya kurudi kupika?"

Nilimwonyesha kitambulisho cha mwanafunzi. Akasema hivyo vinachapishwa hata pale sokoni. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa, maana nilijua kwamba asipobaki yeye, masomo yangu yamefika mwisho.

Jumanne ya wiki iliyofuata, tukiwa katikati ya somo la historia, mlinzi alichungulia mlangoni. "Samahani mwalimu. Kuna mama hapa kwa geti anauliza mama mapacha. Ako na godoro."

Darasa liliangua kicheko. Mimi nilishuka ngazi mbio.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya bodaboda, amevaa nguo yake ya kanisani. Watoto alikuwa amewaacha kwa shangazi yao. Nyuma ya pikipiki kulikuwa kumefungwa godoro jipya, limekunjwa na kukazwa kwa kamba. Macho hayana pazia, na nusu ya chuo ilikuwa imekwisha kujipanga pale kutazama.

"Nimekuletea godoro," akasema. "Waonyeshe pahali unawekanga vitu zako, waliweke."

Nilielewa mara moja. Ulikuwa mtihani, na alikuwa ameutunga peke yake. Mwanafunzi wa kweli ana kitanda chuoni, mwongo hana. Kabla sijafungua kinywa, mlinzi, kwa adabu zake zote, akanimaliza.

"Mama, hapa hakuna mtu analala. Wote wanaendanga kwao."

Mama mkwe alinitazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Umesikia," akasema, na kumwambia mwenye bodaboda ageuze.

Nilimshika mkono, jambo ambalo mke wa mtu halifanyi kwa mama mkwe wake, nikamvuta hadi ofisi ya msajili. Msajili wetu ni mama mtu mzima, miwani yake hukaa kwenye paji la uso. Hakucheka. Alimpa kiti, akafungua faili langu, akamwonyesha matokeo yangu ya miaka miwili. Mama mkwe alipitisha kidole mstari kwa mstari, akisoma kwa sauti ya chini. Alipomaliza aliinua uso.

"Na pahali pa kulala, serikali ilikosa mawe?"

"Hapana, mama," msajili akasema. "Tulitaka yule hawezi kutoka nyumbani. Mwenye watoto wadogo. Mwenye mgonjwa wa kuangalia. Hao walikuwa wanaitwa chuo na hawaendi. Sasa wanasoma na wanarudi."

Mama mkwe aliliinamia tena faili, nikadhani amekasirika.

"Mimi niliitwa," akasema hatimaye. "Chuo cha walimu. Mama yangu alikuwa amelala mgonjwa. Baba akasema, ukienda nani atabaki na yeye? Nikabaki." Alifunga faili langu taratibu. "Sasa nyinyi mlikuwa wapi?"

Miaka yote niliyokaa katika boma lake sikuwahi kusikia habari hiyo, na niliona aibu kwa kila neno kali nililokuwa nimemwekea moyoni.

Mama mkwe alimwambia mwenye bodaboda alirudishe godoro nyumbani. Yeye alitaka kuona darasa. Tulipoingia wasichana wa nyuma walisogea akapata nafasi, na mwalimu, ambaye hana mazoea ya kumpita mgeni kimya, akamwomba ajitambulishe. Alisimama, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa.

"Mimi ndio nabakinga nyumbani," alisema, akininyooshea kidole, "ndio huyu akuje hapa."

Darasa zima lilipiga makofi, wengine wakagonga meza. Mwalimu alimkaribisha, akaendelea na somo, na kwa furaha niliyokuwa nayo sikuandika hata mstari mmoja.