Nani Atamwita Padre?

Sauti ndiyo iliyonifikia kwanza, mwanangu, kabla macho yangu hayajaona lolote. Tulikuwa tumesongamana nje ya kanisa la misheni, miguu ndani ya matope ya mvua za kwanza, tukimzika Padre Dominiko. Mbele yangu ilikuwa migongo na miavuli tu. Mimba yangu ilikuwa imekomaa, nami nilikuwa nimeegemea ukuta nikipumzisha kiuno. Hotuba zilikuwa zimekwisha. Chifu alikuwa ameleta salamu za serikali, na bwana mmoja mwenye beji ya chama kifuani alikuwa amemsifu marehemu kwa maneno yale yale aliyomsifia mwenye duka la mbolea alipokufa. Kisha pakawa kimya, na ndani ya kimya kile mwanamke mzee, mahali nisipopaona, akauliza kwa Kinandi, bila kilio:

"Sasa huyu nani atamwita?"

Chifu alitazama viatu vyake. Mwenye beji alikohoa. Lakini wanawake wote waliozaliwa katika nyanda zetu za Uasin Gishu walielewa, na nilihisi umati mzima ukivuta pumzi kama mtu mmoja.

Labda wewe hujui, mwanangu, maana siku hizi watoto huzaliwa na jina likiwa tayari. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukaa karibu naye na kutaja majina ya wafu wa ukoo wa baba yake, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, mwenye jina hilo amekubali kurudi kwa wake. Tunasema ameitwa, na ameitika. Lakini asiye na mtoto wala ndugu wa kiume, ataitwa katika nyumba gani? Yule mama aliyeuliza ndiye mamake Padre; alizaa mwana mmoja tu, na huyo mmoja akampa Mungu.

Ngoja nikuambie Padre alikuwa mtu wa namna gani. Alianzisha shule ya wasichana karibu na soko la Ziwa, wakati baba zetu walipoona mikono ya msichana ni ya kukamulia ng'ombe. Wakati wa likizo alizunguka maboma kwa miguu akituomba kwa wazazi wetu, boma kwa boma, kama mtu anayeomba mbegu. Na siku ya kwanza ya shule alisimama langoni mwenyewe.

"Jina la ubatizo nitalisoma," alimwambia kila msichana. "La nyumbani ni lipi? Ulimwitikia nani?"

Ukimwambia, hakulisahau tena. Mimi nilishindwa na hesabu, nikajificha nyuma ya jiko nikilia, nimeazimia kurudi kwetu. Akaja, akasimama mbali kidogo, akaniita kwa lile jina ambalo nyanyangu peke yake alikuwa akiniita. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Nilijikuta nimesimama wima. Niliona kama watu wengi waliokufa zamani wamesimama nyuma yangu, wote wakinitazama kwa upendo, wote wakitaka nijue hesabu. Nikarudi darasani. Nikawa mwalimu.

Sasa basi. Majuma machache baada ya mazishi nilijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya mjini, akapokelewa na mikono ya wifi yangu Rebeka, aliyekuwa muuguzi pale. Tulipofika nyumbani Kimumu, mama mkwe wangu alikuwa ameshawasili kutoka shambani kwake upande wa Moi's Bridge, yeye na shangazi wa mume wangu, na kibuyu cha maziwa, na kikopo cha ugoro wa kumsaidia mtoto kupiga chafya. Mama mkwe tulimwita Mama Kirwa, kwa jina la mume wangu. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe.

Walianza kuita. Waliita babu, wakaita baba wa babu, wakaita wale ambao hata makaburi yao yalishalimwa mahindi. Kila walipofika kwa marehemu mume wake, sauti ya Mama Kirwa ilishuka ikawa laini, akalirudia jina na kusubiri kuliko alivyosubiri kwa wengine. Mtoto alitutazama tu.

"Mwongeze ugoro kidogo," shangazi akasema.

"Ugoro umeisha," Mama Kirwa akajibu. "Nimpe pilipili? Huyu mtoto ni ngumu kama babake."

Mama Achieng, jirani yetu kutoka Kisumu ambaye mumewe alikuwa fundi wa reli, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji. Alicheka. "Haki nyinyi mnasumbua mtoto! Kwetu marehemu anakuja mwenyewe kwa ndoto kudai jina. Nyinyi mnaita watu kama karani wa ushirika anaita wenye maziwa."

"Nyinyi mnaota sababu mnalala na samaki kwa tumbo," Mama Kirwa akamjibu, na chumba kizima kikacheka, Mama Achieng kuliko wote.

Kicheko kilipoisha nikasema. Mkazamwana hasemi katika shughuli ile, lakini sauti ya yule mama wa makaburini haikuwa imenitoka masikioni.

"Mama, mwiteni Padre."

Shangazi aligeuka kana kwamba nimemwagia maji. "Padre ni wa ukoo gani? Leo tukimfungulia mtu wa nje, kesho babake Kirwa atarudi kwa nani? Huyu ni mjukuu wake wa kwanza!"

Alisema kweli, na kweli ile ilinichoma. Nilijua mama mkwe wangu amemngoja mume wake miaka mingi, na kwamba mlango aliotegemea apitie kurudi ulikuwa umelala pale mapajani mwangu. Mama Kirwa alikizungusha kile kikopo kitupu mikononi.

"Huyo mtu alinijia shambani," akaanza, akimtazama mtoto. "Anataka Rebeka aende shule yake. Nikamwambia, Padre, wewe hujazaa. Utaniambia nini mimi juu ya mtoto? Unajua alinijibu nini? 'Ndiyo maana nimekuja kuomba wako, mama.'" Akatikisa kichwa. "Nilikosa maneno. Mimi! Nikampa Rebeka. Na Rebeka ndiye amemtoa huyu."

Nje mvua ilianza juu ya mabati.

"Babake Kirwa nitamwambia angoje kidogo. Alikuwa mtu wa subira. Haya, Padre jina lake la nyumbani ni nani?"

Wote walinigeukia, mimi niliyesoma kwake. Nikafungua kinywa, na hapo ndipo nilipogundua kuwa silijui. Alijua jina la kila mmoja wetu, mwanangu. Alitubebea majina yetu kichwani mwake kama mtu abebavyo moto kutoka boma moja hadi jingine, asiuache uzimike. Na sisi sote, wasichana wote wa shule nzima, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza lake.

Mama Kirwa alisimama, akavaa sweta. "Msimtajie mtoto jina lolote mpaka nirudi." Alfajiri ya kesho yake alipanda gari la maziwa kwenda Ziwa, na jioni alirudi amemshika mkono mwanamke mdogo, mkavu, matope yamemfika magotini. Ndipo nikamwona kwa macho mwenye sauti ile ya mazishini, mamake Padre.

Hakusalimia sana. Aliketi, akamwinamia mtoto, akasema taratibu, "Tuwei."

Mtoto alimtazama tu. Shangazi alijikohoza.

"Tulieni," mama mzee akasema, akitabasamu. "Hata siku yake ya kupewa jina alituchelewesha hivi hivi, mpaka ng'ombe wakarudi." Akamwinamia tena, karibu zaidi, na safari hii sauti ilikuwa ya mama anayemwita mwanawe aje kula. "Tuwei. Weh, Tuwei."

Mtoto alikunja uso, akapiga chafya.

Nimesikia kengele za Pasaka na nimesikia radi za nyanda hizi, lakini sijasikia sauti iliyonitetemesha kama chafya ile ndogo. Aliyesema wa kwanza alikuwa Mama Kirwa, na shavu lake lilikuwa limelowa. "Ameitika." Vigelegele vikapaa, na Mama Achieng akavipiga kwa mtindo wa kwao, akiwa bado ameshika sufuria.

Habari ilitembea. Wale tuliosoma pamoja walipozaa, wengi waliwaomba mama wakwe zao, wengine wakagombana nao kwanza. Leo simama sokoni Ziwa uite Tuwei, uone ni vichwa vingapi vitageuka, vya koo ambazo hazina damu moja.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Yule anayekujua kwa jina, muulize lake angali hai. Mwalimu wako, padre wako, mama anayekuuzia maziwa, waulize walizaliwa wapi, nani aliwaita. Usimpime mtu uzao wake kwa kutazama nyumbani kwake tu. Na ikiwa siku moja utakuwa na nafasi katika nyumba yako, na mtu aliyekulea hana wa kumpa nafasi, mfungulie, hata kama waliokuzaa itabidi wangoje.

Mungu akupe afya na maziwa. Akupe watu wa kukuita, nawe akupe masikio ya kuitika. Hivyo ndivyo alivyotubariki yule mama mzee siku ile, akimtemea mtoto mate mepesi kifuani kama wazee wetu wafanyavyo. Chai alikunywa, kulala alikataa. Alisema ng'ombe wake hawakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Alijifunga leso, akasimama kitambo akimtazama mtoto aliyekuwa amesinzia. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, kwa mikono miwili, asije akamwamsha mwanawe.