Nilimzimia binti yangu kinanda mbele ya watu, akapotelea ufukweni Ziwa Nyasa

Wakuu, poleni na mahangaiko ya siku. Hiki ni kisa changu mwenyewe. Chumvi sijaongeza, labda pale ilipojimwagia yenyewe.

Mimi ni mkulima wa kahawa, Mbinga, upande wa Mapera. Form four nimeimalizia masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu na mvi. Mkiona nukta na mkato vimekaa vizuri, jueni nilivililia.

Binti yangu wa kwanza, Skola, ana miaka kumi na saba. Ana usonji.

Hilo jina tumelijua ameshakuwa mkubwa. Kabla ya hapo tuliambiwa karogwa, mara kadekezwa, mara ana kiburi. Hilo la kiburi ndilo liliuma zaidi. Huku kwetu mtoto akimpita mtu mzima bila shikamoo, taarifa inafika nyumbani kabla yake. Na Skola alikuwa anapita kimya, macho chini, viganja masikioni.

Mashine ya kusaga ikiwashwa, anakimbia hadi wilaya ya jirani. Sawa, hadi nyuma ya nyumba.

Mwalimu wa kwaya yetu, Mwalimu Nombo, ndiye aligundua kitu. Kila kwaya ikianza kushuka sauti, Skola alikuwa anaguna "mmmm" pale kwenye benchi. Na ilikuwa noti yenyewe! Akamwita kwenye kinanda.

Miezi ya kwanza alipiga ametazama ukuta. Baadaye akakaa ubavu. Mwaka uliofuata akawa anatutazama kabisa, na tukikosea anaondoa mikono anasema, "Mmeshuka." Basi.

Kuna Mama Festo, kiongozi wa sauti ya kwanza, mama ambaye hata paroko anamwogopa. Siku moja akaambiwa umeshuka.

"Haya mama, tumepanda," akajibu kwa upole. Mazoezi yakafia hapo kwa kicheko.

Sasa njooni kwenye balaa.

Tulialikwa tamasha la kwaya kule Nyasa, parokia moja ya ufukweni. Kichwani nilikuwa naona jambo moja tu: Skola anapiga kelele jukwaani, watu wanarekodi kwa simu, na confidence yote ya miaka miwili inaisha kwa dakika moja.

Tukafika. Jenereta inanguruma, spika ndefu kama minara, watu elfu kumi. Haya, mia tano. Skola akaziba masikio.

Ndipo nikafanya ujinga wa maisha yangu.

Nikamfuata fundi mitambo kwa siri. Nikamwomba kinanda cha Skola akizime kwenye spika, na mpiga kinanda wa kwaya nyingine akae nyuma ya spika apige badala yake. Skola abonyeze tu, asijue.

Mzee, unamdanganyaje mtu mwenye masikio yale?

Wimbo ukaanza. Mimi niko safu ya besi. Mstari wa pili Skola akainua mikono juu. Kinanda kikaendelea kulia.

Akaangalia vidole vyake. Kuna watu wakacheka. Akashuka jukwaani akaondoka.

Nilipojitoa kwenye safu na kupenya ule umati, sikumwona tena.

Wakuu, sisi ni watu wa milimani. Maji tunayajua ya kwenye ndoo. Skola hajui kuogelea, mimi sijui, na hata babu yangu hakujua. Nikakimbilia ufukweni, na kitu cha kwanza kukutana nacho ni ndala zake mchangani, zimepangwa sambamba, mbele yake mawimbi.

Sijui niliita mara ngapi. Nikaingia majini na suruali ya sare hadi kiunoni, napapasa maji kama mtu anayetafuta sindano. Nikawaza namna ya kumwambia mama yake.

"Wee baba wa kwaya!" Bibi mmoja ananiita kutoka kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. "Toka huko! Unayemlilia yuko huku kivulini."

Alikuwa amekaa chini ya kichanja, peku, vidole vinapiga ule wimbo kwenye ubao. Wote, mpaka mwisho.

"Mtoto ana adabu huyu," bibi akasema. "Kaniambia shikamoo bibi, naomba kukaa."

Skola. Shikamoo. Kwa mtu asiyemjua. Nikakaa mchangani.

"Baba, ile sauti si yangu," akasema bila kuniangalia.

"Najua."

"Uliweka wewe?"

Ningeweza kudanganya. "Ni mimi, mama. Niliogopa."

"Mimi sikuogopa. Nilikuwa naziba jenereta."

Wakuu, nilijiona mdogo kuliko dagaa mmoja pale juu.

Tukarudi. Mwalimu Nombo akaomba tuwe wa mwisho. Skola akaenda mwenyewe kwa fundi, akasimama mpaka kinanda chake kikawashwa, kisha akatega sikio kuhakikisha cha yule mwingine kimezimwa.

Tukaimba. Mimi mwenzenu machozi yananitoka, naungaunga tu. Katikati ya ubeti wa pili kinanda kikanyamaza. Skola akaisogelea maiki:

"Besi mmeshuka. Baba ndiye anawashusha."

Uwanja ulilipuka. Alisubiri wamalize kucheka, akatupa noti upya, tukaanza tena. Safari hii sikushuka.

Nilichojifunza: woga ulikuwa wangu, nikamvika mtoto. Kinanda kilikuwa kimeshamfundisha kusimama, mimi ndiye nilikuwa bado nashikilia ukuta.

Wenye watoto au wadogo zenu wenye usonji, semeni hapa: ninyi mliachiaje mkono? Wa kunitukana pia karibuni, ila mpange foleni, mke wangu bado hajamaliza.